Kufuga tausi weupe nyumbani: anza na sakafu ya banda

Masika yangu ya kwanza na tausi weupe yalinikuta na ndege watatu ndani ya banda lililojengwa haraka haraka juu ya ardhi tupu. Baada ya wiki mbili za mvua walikuwa na rangi ya chungu kipya. Udongo mwekundu wa Muheza ulikuwa umepenya kwenye nyuzi za manyoya, tumboni, mapajani na katika ncha za mkia wa dume. Nilijaribu maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande. Tope lilitoka, wekundu ukabaki. Ilinibidi kungoja manyoya yale yapukutike yenyewe na kuota mengine, na hiyo ni kazi ya miezi.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza chini, kwenye sakafu, na ndege anafika baadaye. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunamwona ndege, tunampenda palepale, tunalipa, halafu tausi analala kwenye banda la kuku huku fundi akitafutwa. Jizuie miezi miwili, ujenge kwanza.

Mjue unayetaka kumfuga

Tausi mweupe ni tausi yuleyule wa India, Pavo cristatus, aliyezaliwa bila rangi kwenye manyoya. Watu huuliza kama ni ualbino. Sio. Ualbino huondoa rangi hadi machoni, na macho ya tausi mweupe si mekundu. Si mgonjwa wala si dhaifu, na hahitaji kufichwa jua kama mtoto mchanga. Ukimsogelea dume akiwa ametandaza mkia, utaona yale "macho" ya mkiani bado yapo, yamechorwa weupe juu ya weupe, kama nakshi ya kanzu nzuri.

Dume aliyekomaa ana kilo 4 hadi 6, na kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia anaweza kupita mita 2. Anaweza kuishi miaka 15 hadi 20 akitunzwa vizuri. Hesabu umri wako na wa watoto wako kabla ya kuamua.

Afrika nayo ina tausi wake, yule wa misitu ya Kongo, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1936. Huyo ni ndege wa porini na aachwe porini.

Kibali na majirani

Tanzania tausi hafugwi kimyakimya. Kuna watu waliofikishwa mahakamani kwa kukutwa na tausi bila kibali, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya au ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kenya, anza na KWS, shirika la huduma za wanyamapori. Uliza masharti ya banda, ada, na nyaraka anazopaswa kuwa nazo mtu anayekuuzia. Muuzaji akikwepa swali la karatasi, achana naye hata kama bei yake ni nzuri.

Halafu zungumza na majirani. Dume hulia kwa sauti kubwa, hasa alfajiri na jioni wakati wa kupandana, na hata usiku wa manane gari likipiga honi. Mimi nilikwenda kwa mama wa nyumba ya pili nikamwambia ukweli. "Mwanangu," akanijibu, "mimi adhana ya alfajiri inanikuta macho, hao ndege wako watanisalimia tu." Si kila jirani atakujibu hivyo. Kama kiwanja chenu ni cha kubanana ukuta kwa ukuta, fuga njiwa.

Sakafu

Chagua sehemu iliyoinuka na isiyopitiwa na maji ya mvua. Mwaga ndoo ya maji palepale unapotaka kujenga, uangalie yanaelekea wapi na yanakauka kwa muda gani. Yakituama, hamia kwingine au jaza kifusi.

Mimi nilibomoa lile banda la kwanza na kuinua ardhi kama sentimita 30. Chini ni kifusi kilichoshindiliwa, juu yake kokoto, na juu kabisa mchanga wa mtoni wenye kina cha sentimita 15. Sakafu nzima imelazwa kidogo upande mmoja, na nje ya banda kuna mfereji unaozunguka pande zote nne ili tope la shambani lisiingie. Mchanga wa mtoni ni mzuri kwa sababu haushiki maji wala haupaki rangi. Mchanga wa ufukweni, ukitaka kuutumia, uache kwanza unyeshewe masika mazima chumvi itoke.

Mchanga mkavu unalinda zaidi ya weupe. Mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara damu hustawi kwenye unyevu na kinyesi, na tausi hutumia siku nzima kudonoa chini. Kwa hiyo piga reki kila asubuhi, okota kinyesi, na kila nusu mwaka ondoa tabaka la juu uweke mchanga mpya. Kazi ya reki huchukua dakika 15. Ndiyo inayoniweka karibu na ndege wangu kila siku, na magonjwa karibu yote niliyoyawahi mapema niliyaona nikiwa na reki mkononi.

Chini ya paa, mahali ambapo mvua haifiki kabisa, weka sanduku pana la mbao lenye mchanga laini uliochekechwa na kuchanganywa na jivu kidogo la kuni. Hapo ndipo watakapooga vumbi. Usipowapa, watachimba shimo lao pembeni mpaka wafikie udongo mwekundu, na utarudi pale nilipokuwa mimi.

Kuna madoa mengine mawili ambayo sikuyajua mapema. La kwanza ni kutu: bomba la chuma lisilopakwa rangi huacha mistari ya kahawia kwenye mkia unaolisugua. La pili ni maji ya makuti. Paa la makuti ni la baridi na zuri kwa joto la pwani, lakini mvua za mwanzo hutiririsha maji ya rangi ya chai, na dume hupenda kusimama hapohapo ukingoni mwa paa. Tandaza makuti mpaka yapite ukuta wa wavu, maji yaangukie nje.

Banda lenyewe

Kwa dume mmoja na majike wawili, usishuke chini ya mita 4 kwa 9, na kimo cha mita 2 na nusu au zaidi. Upana ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Dume akitandaza mkia huzunguka taratibu kama mtu anayeonyesha kanzu mpya, na banda jembamba humkwangua ncha upande huu na upande ule mpaka mkia unakuwa kama ufagio uliochakaa.

Theluthi moja ya banda iwe na paa na ukuta wa upande unakotoka upepo wa mvua. Sehemu iliyobaki iwe wazi, imefunikwa juu kwa wavu laini wa nailoni. Usiweke wavu wa chuma juu. Tausi akishtuka huruka wima kama mshale, na akigonga chuma anaweza kuvunjika shingo.

Pembeni, kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, tumia wavu mgumu uliochomelewa wenye matundu yasiyozidi sentimita 1 na robo. Wavu wa kuku wa kawaida unamzuia kuku tu. Nguchiro na kicheche wanaupasua, na nyoka anapita bila kuinama. Uzike wavu huo ardhini kina cha nusu mita, au ukunje kwa nje na kuulaza chini ya mawe. Weka milango miwili yenye kijiumba katikati, ili ukifungua wa kwanza wa pili uwe umefungwa. Tausi aliyetoroka hupanda mti mrefu kuliko yote mtaani, na kumshusha ni kazi ya siku.

Kitulio, yaani gogo la kulalia, kiwe cha mbao, kipana kama sentimita 10, na juu yake bapa, kusudi ndege aweze kufunika vidole vyake kwa manyoya ya tumbo. Kiweke juu kama mita moja na nusu hadi 2, na kiwe mbali na ukuta kwa zaidi ya urefu wa mkia. Fundi wangu alikipigilia karibu kabisa na ukuta. "Mama, hapa kiko imara zaidi," akaniambia. Kiko imara kweli, lakini mkia wa dume ulikuwa unakunjika ukutani usiku kucha. Tulikihamisha.

Kununua

Sasa nenda ukawaone. Sharti la kwanza ni kujua urithi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Dume mweupe na jike mweupe huzaa vifaranga weupe watupu. Mweupe akipandana na tausi wa buluu asiyebeba weupe, watoto wote hutoka na rangi ya buluu, labda na unyoya mmoja au mawili meupe bawani, lakini wanabeba weupe kwa siri. Wawili wa namna hiyo wakipandana, kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne atakuwa mweupe. Kwa hiyo kama unataka weupe, nunua weupe, na dume na majike wasiwe wa tumbo moja.

Kutambua dume na jike ndiyo shida kubwa ya weupe. Kwa tausi wa buluu rangi ya shingo hukusaidia mapema. Kwa weupe hakuna rangi ya kukusaidia. Niliuziwa dume na jike wa miezi minane, nikawalea kwa mapenzi, na mwaka wa tatu wote wawili wakaota mkia. Angalia urefu wa miguu, maana dume huwa na miguu mirefu na minene zaidi kuliko jike wa umri uleule. Ila kwa wadogo hata macho ya mzoefu hukosea. Ukiweza, nunua waliofikisha miaka miwili na zaidi, au dai kipimo cha vinasaba cha unyoya.

Mkague kila ndege akiwa mkononi. Macho yawe makavu na wazi, pua zisiwe na kamasi, na uso usiwe umevimba chini ya jicho. Papasa mfupa wa kidari. Ukichoma kama kisu, ndege amekonda. Inua mkia uangalie njia ya haja, pawe pasafi. Fumbua manyoya ya chini ya bawa utafute chawa; kwenye weupe wanaonekana vizuri, na hiyo ni faida moja ya rangi hii.

Na usimshike tausi kwa mkia hata siku moja. Manyoya yatabaki mkononi mwako na ndege ataondoka. Mkamate usiku akiwa kitulioni, taa ikiwa imezimwa: mkono mmoja uyabane mabawa mwilini, mwingine ushike miguu yote miwili.

Mwezi wa kwanza

Watenge siku 30 mbali na ndege wengine wowote, hata kama muuzaji ameapa kwamba ni wazima. Siku mbili tatu za mwanzo wape maji safi, chakula walichozoea kule walikotoka, na utulivu. Watoto wa nyumbani waangalie kwa mbali. Chukua kinyesi kibichi kwenye mfuko safi, mpelekee daktari wa mifugo akipime minyoo, kisha wape dawa kwa kipimo atakachokupa kulingana na uzito.

Chakula

Usimpe dume chakula cha kuku wa mayai mwaka mzima. Kina chokaa nyingi kwa ajili ya magamba ya mayai, na chokaa hiyo huumiza figo za ndege asiyetaga. Chakula cha kuku wanaokua au cha bata mzinga chenye protini asilimia 16 hivi kinamtosha tausi mkubwa nje ya msimu. Msimu wa kutaga ukikaribia, panda mpaka asilimia 18 au 20, na majike wawekewe chombo cha pembeni chenye magamba ya konokono au chaza yaliyopondwa. Atakayehitaji atakula mwenyewe.

Juu ya hapo mimi huongeza mchicha, majani ya kabichi, vipande vya papai, dagaa waliosagwa, na mchwa wanapotoka baada ya mvua. Ukiona tausi akifukuza kumbikumbi jioni utasahau kazi zako zote. Papai na embe viwe kwenye chombo kilichoinuliwa usawa wa mgongo wa ndege, la sivyo kifua chote kitakuwa cha njano.

Parachichi ni sumu kwao, usiwape. Na mahindi yenye ukungu, hata kidogo, yatupe. Sumukuvu huharibu ini na ndege haonyeshi mpaka amechelewa. Nunua chakula cha wiki mbili tatu, uhifadhi juu ya chaga, si chini sakafuni.

Magonjwa

Hapa nasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: tausi na kuku wasichangie ardhi. Kuku hubeba tumboni kidudu kinachosababisha ugonjwa wa kichwa cheusi, na mara nyingi yeye mwenyewe haugui. Kidudu hicho husafiri ndani ya mayai ya minyoo midogo ya utumbo, na mayai hayo hukaa udongoni muda mrefu. Hata nyungunyungu huyabeba. Tausi akiyameza, huinamisha mabawa, huacha kula, na kinyesi chake huwa cha njano kama unga wa salfa. Ukiona kinyesi hicho mpigie daktari saa ileile. Ukisema utaangalia kesho, ini linaendelea kuliwa. Na kama una kuku nyumbani, uwe na viatu vya banda la tausi peke yake.

Mdondo, ambao wengine huita kideri, unaua tausi pia. Vijijini Tanzania kuna chanjo ya I-2 inayotolewa kwa tone la jicho, na kuku hurudiwa kila miezi mitatu. Mwombe bwana mifugo akupangie ratiba ya tausi wako pamoja nayo. Ndui huletwa na mbu, kwa hiyo maji yaliyotuama karibu na banda yamwagwe. Ndege anayenyoosha shingo na kuachama mdomo kama anayekosa hewa huenda ana minyoo ya koo. Uso ukivimba na jicho likatoa povu, hayo ni mafua, na dawa yake itoke kwa daktari, maana antibiotiki za kubahatisha dukani zinakuharibia ndege na zinaharibu dawa yenyewe.

Mayai na vifaranga

Jike huanza kutaga akiwa na miaka miwili hivi. Dume huwa tayari vizuri kuanzia mwaka wa tatu. Jike hutaga mayai 4 hadi 8, moja kila baada ya siku moja au mbili, kwenye shimo dogo lililojificha. Mpe pembe yenye nyasi kavu na kizuizi cha makuti mbele yake. Ukiyaokota mayai, ataendelea kutaga mengine.

Huatamiwa siku 28 hadi 30. Kwenye mashine yenye feni, joto ni nyuzi 37.5, na unyevu uongezwe siku tatu za mwisho. Wengine hutumia kuku, nami nimefanya hivyo. Chagua kuku mtulivu, mpe dawa ya minyoo kabla, muwekee mayai manne au matano tu, na kumbuka kwamba amezoea siku 21, kwa hiyo wiki ya mwisho mpelekee chakula na maji alipo asije akakata tamaa. Vifaranga wakitotolewa, waondoe siku hiyohiyo uwaweke kwenye boksi safi.

Kifaranga mweupe hutoka yaiani akiwa wa njano, na wa buluu huwa wa hudhurungi. Usishtuke. Wiki ya kwanza boksi liwe na nyuzi 35, halafu punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Usiwatandikie gazeti, miguu itateleza na kuachana. Weka maranda makubwa au kitambaa kikavu. Chakula kiwe na protini asilimia 28 au karibu na hapo, na chakula cha vifaranga wa kuku hakifiki huko, kwa hiyo tafuta cha bata mzinga au ongeza yai la kuchemsha lililosagwa.

Porini mama humlisha kifaranga kwa mdomo wake, ndiyo maana mtoto wa tausi husimama karibu na sahani iliyojaa akitazama juu, akingoja. Chukua chembe ya yai kwa ncha ya kibano, mshushie mbele ya macho, kisha gonga sahani. Rudia kila saa, siku mbili tatu. Wangu wa kwanza alijifunza jioni ya siku ya pili, na mwenzake akajifunza kwa kumwangalia yeye.

Mkia unapodondoka

Dume huanza kuota mkia mwaka wa tatu, na mkia haukamiliki mpaka mwaka wa tano au wa sita. Tunaouita mkia ni manyoya ya mgongoni yapatayo 150 hadi 200. Mkia halisi ni yale manyoya 20 mafupi na magumu yanayousukuma kutoka nyuma. Kila mwaka msimu wa kupandana ukiisha, manyoya marefu huanguka ndani ya wiki chache na dume hubaki kama aliyenyolewa. Huyu si mgonjwa. Mwongezee dagaa na mchwa, umpunguzie usumbufu, na usimkamate kipindi hicho, kwa sababu unyoya mchanga una damu ndani na ukivunjika unavuja.

Yaokote manyoya asubuhi kabla ya reki kupita. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukipangusa kutoka shinani kwenda nchani, kisha yatundike kivulini yakiwa yameinamia chini. Jua huyageuza rangi ya maziwa yaliyoganda. Ya mwaka huu nimeyafunga kwa uzi mweupe, nimeyaning'iniza barazani, na ncha zake hazina hata tone la wekundu.